Maji ya Kijivu Katika Beseni Jeupe

Kabla ya kufungua sanduku la gia, sisi mafundi wa karakana tulikuwa tunasoma kwanza mafuta yake. Unachovya kitambaa cheupe, unatoka nacho nje juani, unakinyoosha kwa mikono miwili na kutazama. Mafuta yakiwa meusi tu, hakuna neno, huo ni uchafu wa kazi. Yakiwa na kijivu kinachometameta, basi ndani kuna chuma kinachosagika, na ule unga wake unazunguka na mafuta na kwenda kusaga vyuma vingine vilivyokuwa vizima. Katika karakana yetu hapa Likasi, msomaji wa mafuta alikuwa mimi. Wahandisi wenye diploma zao walimtuma mtu anifuate, nami nilikuja taratibu, nikasugua tone kati ya vidole, nikanyamaza kidogo ili wasubiri, kisha nikatangaza: "Beringi ya upande wa mota." Wakifungua, ni hiyo hiyo.

Nayasema haya mapema, na si kwa kujisifu, ingawa watu wa mtaa wetu wa Kikula wakisoma hapa watacheka, kwa sababu wananijua. Nayasema ili huko mbele nisipate pa kujificha. Mtu akiniuliza kama nilijua maana ya kijivu kinachometameta ndani ya maji, jibu ni kwamba nilijua. Nilijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa karibu na beseni lile.

Dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya kama tunavyowaita wote waliotutangulia kuzaliwa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ni mjane. Nyumba yake na yangu zinatazamana katika uwanja mmoja, na kati yetu kuna bomba la maji na kamba ya nguo. Nje ya darasa alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko mshahara wote aliowahi kupokea: kusoma masomo ya Misa pale parokiani. Ana sauti pana, isiyo na haraka. Siku alipoteleza kwenye ngazi za shule, mwaka wake wa mwisho wa kufundisha, akavunja jino la mbele la juu mpaka kwenye mzizi, hakulia kwa maumivu. Alilia Jumapili iliyofuata, alipojaribu kusoma nyumbani na kila neno lenye "s" likatoka na mluzi.

Tangu hapo akawa na mkono mdomoni. Akicheka, mkono. Akisalimia, mkono. Akitafuna, mkono. Hakuenda tena mbele ya altare.

Mtoto wake anayefanya kazi Kolwezi ndiye aliyempeleka Lubumbashi kuwekewa jino la kupandikiza. Si meno ya bandia ya kuvua na kuvaa. Hili ni skrubu ndogo ya titani inayokazwa ndani ya mfupa wa taya, inaachwa miezi mpaka mfupa uishike, kisha juu yake linafungwa jino jeupe. Nilimsindikiza yaya. Nilisema ni kwa ajili ya kumsaidia njiani, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kuiona hiyo skrubu. Chuma kinaingia kwenye mwili wa dada yangu bila mimi kukikagua? Haiwezekani.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye vidole vyembamba. Akanipa skrubu ya mfano nishike. Nikaisogeza dirishani na kuifumbia jicho moja, kama nilivyokuwa nikikagua kazi za wanafunzi wangu. Hesi zake, ile mizunguko ya kukazia, zilikuwa safi, sikuweza kuzilaumu. Lakini uso wake! Ulikuwa mfifu, wa kukwaruza, kama msasa mwembamba. Ni pale juu tu, kwenye shingo, palipong'aa.

"Docteur," nikamwambia, "hii kazi haiyaisha. Hapa chini habakupolisha."

Akacheka, si kwa dharau. "Papa, tunaiachaka vile makusudi. Kule chini iko rugueux, ya kukwaruza, juu mufupa ikamate. Huku juu iko lisse, ya laini, juu ya bucafu isikamate. Na ile ngozi ya juu ya titani ni kidogo sana, njo inachunga chuma na inachunga mufupa. Ukikwangula na chuma ingine, ngozi inatoka, na bunga yake inabakia mu nyama. Donc, mama, brosse, muswaki ya laini tu. Musiiguse na chuma, na musiisugue na kintu ya kukwaruza."

Hayo nimeyaandika neno kwa neno, kwa Kiswahili chetu cha huku kinachoita unga "bunga" na uchafu "bucafu", kwa sababu tangu wakati huo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko Baba Yetu. Siku ile niliyasikia bila kuyatilia maanani. Nilikuwa nimeshaamua kuwa skrubu imeachwa njiani na wavivu. Na cha kuudhi ni kwamba hata katika karakana yetu tulikwaruza uso wa bomba kabla ya kulipaka gundi, ili gundi ishike. Jambo lilikuwa lile lile. Lakini nilikuwa mtu mzima mbele ya msichana mwenye koti jeupe, na kichwa changu kilikuwa kimejaa miaka yangu ya kazi. Kwenye basi la kurudi nikamwambia yaya, "Balikuwekea kazi ya nusu." Akacheka, mkono mdomoni.

Mfupa uliishika ile kazi ya nusu vizuri kabisa. Jino lilipofungwa, yaya alirudi kuwa mtu niliyemjua tangu utoto. Jumapili ya kwanza aliposoma, nilikaa benchi la nne, na alipofika kwenye maneno yenye "s" alipunguza mwendo kwa makusudi, mwenye majivuno yule, ili tusikie kuwa mluzi umekwisha. Alikula mahindi ya kuchoma. Alikula samaki wa ziwa Tshangalele na kutoa miiba kwa meno ya mbele. Alicheka na mdomo wazi mpaka watoto wa jirani wakamwiga. Tuliishi hivyo miaka kadhaa, na hatukurudi Lubumbashi kwa ukaguzi, kwa sababu kitu kinachofanya kazi sisi hatukigusi.

Kisha ufizi ukaanza kupanda. Yaya alikuwa akisugua meno yake kwa mswaki na unga wa makaa, makala kama tunavyoyaita hapa, kama mama alivyotufundisha, na alisugua kwa nguvu za mwalimu anayefuta ubao. Labda ni hiyo, labda ni ukoga uliokaa chini ya ufizi bila mtu kuutoa, mimi sijui. Nilichoona ni mstari wa kijivu juu ya lile jino jeupe. Mwezi baada ya mwezi mstari ukawa mpana, mpaka hesi mbili za skrubu zikatokeza, fifu, na ukoga wa manjano umeganda juu yake.

Harusi ya mjukuu wake ilikuwa inakaribia, na mkono ulikuwa umeanza kurudi mdomoni. Asubuhi moja ya Jumamosi akavuka uwanja na kioo chake kidogo.

"Mutoto ya mama, weye njo fundi ya byuma. Uniangalie hii kintu. Iko nacafuka, na miye sitaki kucekelewa ku mariage."

Ni lazima nieleze jinsi nilivyofurahi. Karakana ilikuwa imefungwa siku nyingi. Nilikuwa nimebaki na kufunga masikio ya sufuria, kunyoosha fremu za miwani na kutia mafuta cherehani za majirani. Katika uwanja wetu kitu kikiharibika kinaletwa kwanza kwangu, kisha ndipo watu wanafikiri kama kilitakiwa kupelekwa kwingine. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote na kile kiwanda cha madini chenye karakana yetu: kilikuwa na fundi wa kila kitu, nasi tukaamini kwamba fundi wa chuma ni fundi wa kila chuma. Na hapa kilikuwa kimeletwa chuma nilichokuwa na hamu nacho tangu siku ya kwanza. Nikamwambia, "Yaya, ile kazi baliiachaka nusu, leo naimaliza."

Nikaweka kiti barazani, kimelekea jua. Nikaleta beseni jeupe la chuma lenye ukingo wa buluu, lile tunalooshea mboga. Vifaa vyangu nilivichemsha kwenye sufuria, naomba angalau hilo liandikwe upande wangu. Nilikuwa na sindano ya chuma cha pua, ile ya kuchorea alama kwenye vyuma, niliyoipinda na kuinoa. Nilikuwa na msasa wa mwisho kwa ulaini niliougundisha kwenye kijiti chembamba, na ile dawa ya kijani ya kung'arishia tuliyoitumia kwenye vali. Yaya akakaa, akafumba macho, akafungua mdomo. Alikuwa na umri wa bibi, na alifungua mdomo kama mtoto anayepewa dawa na mama yake.

Nilikwangua ukoga kwa ile sindano, na nikasikia chuma kikiimba chini yake. Kisha nikapitisha msasa, kulia, kushoto, mistari iliyonyooka, kama ninavyojua. Hesi zikaanza kulainika. Ile rangi fifu ikaondoka na chini yake ukatokea mng'ao. Nilikuwa napiga mluzi, Mungu anisamehe. Nikampa maji kikombe asukutue, akatema ndani ya beseni.

Jua lilikuwa limepiga moja kwa moja. Yale maji yalikuwa na damu kidogo, na ndani ya ile damu palikuwa na kijivu. Kilimetameta. Nililitikisa beseni kidogo, bila kufikiri, mkono wenyewe ulifanya kama ulivyozoea, na kile kijivu kikazunguka, kikatulia chini. Nilikisoma. Sikuhitaji kitambaa. Nilisoma kwamba skrubu inasagika, kwamba unga wake umetoka, na kwamba haukutoka wote kuja beseni. Mwingine umebaki pale nilipokuwa nikisugua, kwenye ufizi uliochubuka, na hapo hapana kizibo cha kufungua umwage mafuta machafu.

Nikanyakua beseni na kulimwaga chini ya mpapai kabla yaya hajafumbua macho. Ndivyo nilivyoamini, kwamba hajafumbua.

Kama ningeishia hapo, ningekuwa mjinga, na ujinga unasameheka. Lakini yaya alijitazama kiooni, akaona pale palipokuwa na manjano panang'aa kama kijiko kipya, akapiga vigelegele. Majirani wakaja. Wakasema papa huyu ni hatari. Na mimi, niliyekuwa na jibu la beseni kichwani, nikasema, "Samedi ijayo tutaendelea, haiyakuwa lisse muzuri." Nikafanya Jumamosi ya pili. Nikafanya ya tatu. Kila mara nilimwaga yale maji mwenyewe, haraka, na kila mara yaling'aa. Ndiyo maana naona haya mpaka leo ninapolipita lile beseni. Si kwa sababu ya mkono uliokosea. Ni kwa sababu ya jicho lililoona na mdomo uliofungwa, kwa ajili ya vigelegele.

Kwenye harusi alicheka kuliko bibi harusi. Picha zipo, sizitazami.

Baadaye kidogo ufizi juu ya lile jino ukapata doa, rangi ya risasi ya penseli. Doa likatanda. Ufizi ukavimba, ukawa unatoa damu akigusa mkate, na asubuhi mdomo wake ukawa na harufu, yeye aliyekuwa akijisafisha kuliko sote. Siku moja akaniambia jino linacheza.

Hapa kwetu kuna kitu kinachobeba lawama zote, nacho ni vumbi. Mtoto akikohoa, ni vumbi la migodi. Macho yakiwasha, nguo zikichakaa, mihogo ikikataa kuota, ni vumbi. Sisemi uongo, vumbi letu linafanya mengi mabaya na nimezika wenzangu ambao lilikaa vifuani mwao. Lakini siku ile lilinifaa mimi. Jirani mmoja alitazama lile doa, akasema, "Ni poussière ya mine, mama, inaingia ata mu meno." Wote wakageuka kunitazama mimi, mjuzi wa vyuma, nithibitishe.

"Ee," nikasema. "Ni poussière." Kisha, maana uongo mmoja haukunitosha, nikaongeza: "Na ile makala yako, yaya. Unasugua sana."

Akainamisha kichwa. Akaenda akatupa kopo la makala jalalani, na tangu siku hiyo akawa anasukutua kwa maji ya chumvi tu, kwa adabu, kama mtu aliyepewa adhabu anayoona inamstahili. Nilimtazama akifanya hivyo kila asubuhi pale bombani. Nilikuwa nakunywa chai yangu.

Mwishowe mtoto wake akapiga simu akaamrisha turudi Lubumbashi. Yule daktari alikuwa bado yupo, ameongeza miwani yenye lenzi ndogo mbele. Alipiga picha ya taya, akaitundika kwenye taa, akanionyesha mfupa ulivyorudi nyuma kuizunguka skrubu, pakabaki pengo jeusi kama udongo unavyoachana na nguzo. Kisha akamlaza yaya, akavaa lenzi, akatazama kwa muda mrefu. Nilisimama pembeni na kofia yangu mkononi.

"Mama," akasema, "nani aligusa hii?"

Yaya akakaza macho darini.

"Iko na alama za papier ya émeri, musasa. Mistari mizuri kabisa, ya kunyooka. Kunakuwa kazi tunafanyaka shiye wenyewe, ya kulainisha vis, hii skrubu, kama inatokea inje. Mais tunafanya na vifaa byake, na mayi mingi, na tunavuta bunga yote. Na bado tunaogopa, juu bunga ingine inabakia. Hapa yote ilibakia. Munaona hii bweusi? Ni titani, iko ndani ya nyama. Mwili inaikatala, inavimba, mufupa inakimbia." Akavua lenzi. "Sitasema ni hii peke. Bucafu ilikuwa imeanza zamani, na hamukurudia ku contrôle. Mais ile mutu, badala ya kusaidia, aliongeza. Ni nani?"

Nilitazama viatu vyangu. Navikumbuka vizuri, vilikuwa na kamba za rangi mbili. Nilikuwa nimeshajiandalia sentensi, nimeiandaa tangu kwenye basi. Ilikuwa fupi. Nikafungua mdomo.

"Ni miye," yaya akasema.

Daktari akamgeukia.

"Ni miye mwenyewe. Nilikamata papier ya mudogo wangu, nikasugua mu kioo. Yee hakukuwa pale."

Daktari akanitazama mimi. Hakutazama uso, alitazama vidole vyangu, na mafuta ya karakana yaliyokaa kwenye mikunjo miaka yote hayajatoka hata sasa. Alinipa nafasi. Naapa alinipa nafasi, alisubiri kama mimi nilivyokuwa nikisubirisha wahandisi. Nikafunga mdomo. Nikasema kitu kuhusu saa ya basi.

Skrubu haikuhitaji hata nguvu kutoka. Akaisafisha, akamwekea yaya kwenye mfuko mdogo wa plastiki, akamweleza kwamba mfupa uliobaki ni mchache na kwamba kwa umri wake hamshauri kupandikiza tena. Yaya akashukuru, mkono mdomoni.

Kwenye basi nilikaa upande wa dirisha. Tulikuwa tumetoka mjini, watu wameanza kusinzia, yaya akaniwekea ule mfuko wa plastiki mapajani.

"Ukamate. Weye njo unajua byuma."

"Yaya..."

"Ile Samedi ya kwanza niliona mayi mu beseni," akasema taratibu, kwa sauti yake ya kusomea. "Niliona vile ulikimbia kuyamwaga."

Sikuweza kumtazama. Nikamuuliza, na swali lenyewe lilikuwa la aibu, kwa nini basi alirudi kwenye kiti Jumamosi ya pili kama aliona.

"Niliona nini? Miye sijue byuma. Niliona tu weye uko nanificha kintu. Nikasema, ni mutoto ya mama, ataniambia. Samedi ya pili nikakaa tena, nikasema, leo ataniambia. Na ya tatu." Akarekebisha kitambaa chake. "Na leo kwa docteur nikaona haya yako inakushinda, njo nikasema ni miye."

Nililia, nimegeukia kioo cha dirisha. Hakunibembeleza, na wala hakunigombeza. Alilala mpaka Likasi, au alijifanya kulala ili nilie vizuri.

Masomo ya Misa sasa anasoma mama mwingine, anayekimbiza maneno kama ameacha chungu motoni. Yaya anakaa benchi la nne, kando yangu, na wakati wa kuimba anaimba nyuma ya mkono.

Sasa niseme lililotokea majuzi, maana bila hilo nisingethubutu kuandika. Jirani yetu wa nyumba ya tatu ana jino kama lile la yaya, aliwekewa Lubumbashi alikokuwa akikaa na binti yake. Alikuja Jumamosi asubuhi. Nilikuwa barazani, na kiti kilikuwa palepale kinapokaa siku zote. Akakaa bila kungoja kukaribishwa, akainua mdomo wa juu kwa kidole.

"Papa, uniangalie. Imeanza kutokea ka mustari. Unifanyie kama vile ulifanyia yaya yako ile wakati ya mariage, ilikuwa inangaa sana. Ile poussière isiniharibishie miye pia."

Wanawake wawili waliokuwa bombani wakasogea kutazama. Mimi nilisimama. Jua lilikuwa limepiga baraza vilevile.

"Sitaigusa," nikasema. "Urudie kwa docteur yako. Ile ya yaya haikuharibishwa na poussière. Ni miye niliiharibisha. Niliikwangula na chuma na émeri, nikaona bunga yake mu mayi, nikaficha, nikarudia tena."

Nilidhani mbingu zitaanguka. Wale wanawake wakacheka.

"Angalia ginsi anapenda yaya yake!" akasema mmoja. "Papa, usijibebeshe mambo. Ni poussière, kila mutu anajua."

"Weye uharibishe chuma? Weye?" akasema mwingine. Na yule wa kwenye kiti akafumba macho, akafungua mdomo zaidi, akingoja.

Nilirudia. Nilisema tena, kwa sauti kubwa, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyonihurumia. Sifa nilizojitafutia maisha yangu yote zilikuwa zimesimama kati yangu na wao, na sikuwa na namna ya kuzisogeza.

Mlango wa nyumba ya mkabala ukafunguka. Yaya alikuwa ndani akipeta mchele, na bila shaka alikuwa amesikia yote. Alivuka uwanja na ungo ubavuni, akapita kwenye kamba ya nguo, akasimama mbele ya yule jirani kwenye kiti. Kwa mazoea mkono ulianza kupanda kwenda mdomoni. Akaushusha.

"Fungua macho," akamwambia. Yule mwanamke akafungua.

Yaya akainua mdomo wake wa juu kwa kidole, hapo juani, mbele ya wote, mbele ya watoto waliokuwa na ndoo zao. Pengo likaonekana, na juu yake lile doa la kijivu ambalo halitatoka tena.

"Anasema kweli," akasema. Neno "anasema" lilitoka na mluzi, na wote waliusikia. "Angalia muzuri. Ni yee."

Hakuna aliyecheka. Yule jirani akanyanyuka kwenye kiti, akasema ataenda Lubumbashi kwa binti yake mwisho wa mwezi, akaondoka bila kuniaga. Wanawake wa bombani wakarudi kwenye ndoo zao. Yaya akakaa kwenye kile kiti, akaweka ungo magotini, akaniambia nimletee beseni, kwa sababu mchele ulikuwa bado haujaoshwa.